Kadi Isiyo na Chanzo

Shuka la wageni, jeupe, la kitanda kikubwa, liliondoka kabatini Jumatano asubuhi bila mwenyewe kuulizwa. Mwenyewe, fundi cherehani aliyelitunza miaka minne ndani ya mfuko wa nailoni, alilikuta sebuleni limepigiliwa misumari ukutani. Mumewe alikuwa amepanda juu ya kiti, anabandika kadi kwenye shuka hilo kwa pini za kushonea, nazo pia hakuziomba.

"Hilo ni shuka la wageni," mke akasema.

"Na wanaokuja Jumamosi ni nani kama si wageni? Watu arobaini na watatu," mume akajibu bila kugeuka. "Wote nimewapa nafasi humu. Kila mtu na mahali pake, hakuna wa kulala chini."

Mke alicheka bila kutaka, akarudi kwenye cherehani yake. Alikuwa ameshazoea.

Mume huyo alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu alipewa saa ya ukutani na, kwa kuomba mwenyewe, maboksi matatu ya kadi za stoo ambazo mchapaji alikuwa amezikosea nembo. Saa ilisimama mwezi wa pili. Kadi ziliendelea na kazi. Mbele zilikuwa na safu za kilichoingia, aliyetoa, aliyepokea na sahihi; nyuma zilikuwa tupu, na huko nyuma ndiko alikoanza kuwaandika ndugu zake, mtu mmoja kadi moja. Jina, baba, mama, watoto, na mstari wa chini kabisa: chanzo cha habari. Juu ya boksi alibandika sheria aliyotoka nayo kazini, kwa herufi kubwa: BILA HATI HAKIINGII.

Ndugu walimwita Bwana Kadi. Msibani watu wanalia, yeye anauliza kama marehemu alizaliwa mwaka wa njaa au mwaka uliofuata. Harusini anamvuta bibi harusi pembeni kumuuliza jina la bibi mzaa mama. Wachache walimkimbia, lakini wengi walimpenda, kwa sababu nani hapendi kuulizwa habari za baba yake na mtu aliyeshika kalamu? Sasa kadi zilikuwa mia mbili na kumi, na Jumamosi ukoo mzima ungekuja kujiona ukutani kwa mara ya kwanza. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kuhesabu mali na hesabu ikakubali.

Na robo tatu ya kadi hizo zilikuwa na neno moja tu kwenye mstari wa chini: Shangazi.

Shangazi alikuwa na miaka themanini na kitu, na chumba cha pili kushoto. Ndiye aliyempokea Bwana Kadi akiwa na siku tatu, mama yake alipofariki kwa uzazi, akamnyonyesha, akamlea, akamsomesha kwa kufua nguo za watu. Bado ilikuwa kichekesho cha familia kwamba mtoto yule alikuwa mlafi wa maziwa, akishika haachii. Shangazi hakujua kusoma, lakini kichwani mwake ukoo ulikuwa umepangwa vizuri kuliko stoo yoyote. Miaka mitano alikuwa akijibu maswali huku akichambua mchele, na kila jibu likawa kadi.

*

Jumatano hiyo hiyo, saa tisa mchana, binti wa nyumba alipitia akitoka shuleni anakofundisha darasa la tatu. Baba yake akampa rula.

"Tusomee. Shangazi hajaona kazi yake."

Shangazi alileta kigoda chake mwenyewe, akakaa mbele ya shuka, akafunga kanga vizuri kama mtu aliyeitwa mbele ya watu. Binti akaanza juu kabisa, kwa sauti ile ya darasani, akigusa kila kadi kwa rula. Shangazi alikuwa akiitikia na kuongezea. "Huyo alikuwa mkali." "Huyo alikuwa na sauti, akiimba unaacha sufuria iungue." Alipotajwa mzee mmoja aliyeoa wake wanne alisema, "Na kuni alikuwa anaiba kwa jirani," na wote wakacheka, hata fundi cherehani aliyekuwa amesimamisha mguu asikilize.

"Na mimi?" Shangazi akauliza. "Mimi niko wapi?"

"Wewe uko hapa, bibi. Jina lako hili. Binti wa huyu na huyu. Dada wa babu. Na hapa chini..."

Rula ilikuwa imeshagusa, haikuweza kurudi nyuma.

"Na hapo chini?"

"Hakuna kitu, bibi."

"Nimekwambia soma, mwalimu."

"Hakuzaa," binti akasoma polepole.

"Na hiyo mistari myekundu miwili?"

Bwana Kadi, aliyekuwa bado juu ya kiti na bado ana furaha, alijibu haraka maana aliona ameulizwa swali la utaalamu. "Hiyo ni alama tu, Shangazi. Kadi imefungwa. Kama bidhaa imekwisha na haitaletwa tena, unaipiga mistari miwili, ili karani asipoteze muda kuitafuta."

Hakuna aliyecheka safari hii. Shangazi aliitazama mistari, akaitikia kwa kichwa.

"Haya," akasema. "Karani asipoteze muda."

Akanyanyua kigoda chake, akaenda nacho.

*

Alhamisi asubuhi fundi cherehani alimkuta getini amebeba furushi.

"Shangazi, safari ya wapi?"

"Naenda kwa Mama Mashine, kule kwenye kusaga. Nyumba itajaa wageni, mwanangu, nawapisha. Shuka langu nimelifua, liko kwenye kamba."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi watu wamealikwa kuangalia ukoo. Mimi wangu umefungwa, nitaangalia nini?" Hakusema kwa hasira. Alisema kwa adabu kabisa, na hapo ndipo mke alipoogopa. "Na sirudi, usimsumbue mwenzako kunifuata. Nimekaa vizuri kwenu. Asanteni."

Neno hilo, asanteni, ndilo fundi cherehani alilompelekea mumewe sebuleni.

"Amesema asante kama mpangaji," akamwambia. "Nionyeshe kadi yake."

"Kadi yake iko sawa."

"Nionyeshe."

Akaitoa kwenye pini. Mke akaisoma mbele na nyuma, kisha akasoma mstari wa mwisho kwa sauti. "Chanzo cha habari: inajulikana."

"Ndiyo. Kwani uongo? Aliachika kwa sababu ya hilo, mume akaoa mwingine. Kila mtu anajua."

"Nakuuliza kitu. Babu yako wa tatu alikatika kidole gani?"

"Cha kati. Mkono wa kushoto."

"Ulijuaje?"

"Niliandika kwa mtunza kumbukumbu wa reli, alikofanya kazi. Barua ya nne ndiyo akajibu."

"Barua nne kwa kidole cha marehemu," mke akasema. "Na mama wa watu alikuwa chumba cha pili, mlango hata kufuli hauna. Kati ya kadi mia mbili na kumi, ni yake tu isiyo na chanzo."

Bwana Kadi alianza kutetea kazi yake, kisha akalitazama boksi na sheria iliyobandikwa juu yake. Kinyozi hajinyoi, lakini huyu alikuwa amemnyoa mama yake mlezi kichwa kikavu.

"Na mimi nisijifanye mwema," mke akaendelea, sauti imeshuka. "Mwaka ule binti alipotaka kuacha chuo, Shangazi akaniambia nisimpige. Nilimjibu nini? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akainuka, akaenda kuchambua mchele."

"Ile ni methali tu."

"Na mistari miwili ni alama tu."

*

Bwana Kadi alifanya haraka, kama wafanyavyo watu wenye hatia. Alichukua kadi yake mwenyewe, akakata jina la mama yake kwa kalamu, juu yake akaandika jina la Shangazi. Akaitia mfukoni pamoja na kadi mbili tupu, kwa mazoea, akatembea hadi kwenye mashine ya kusaga.

Mama Mashine alikuwa mjane mpana, rafiki wa Shangazi tangu enzi za kufua. Alimwona Bwana Kadi mlangoni, akaendelea kumimina mahindi.

"Umekuja kusaga au kusalimia?"

"Nimekuja kumwona Shangazi."

"Hata salamu zina foleni. Simama nyuma ya huyo wa ndoo ya bluu."

Akasimama. Watu saba walikuwa mbele yake na ndoo zao. Yeye peke yake hakuwa na kitu mkononi. Mwanamke mmoja alimuuliza kama ni fundi wa umeme. Unga ulimshukia kwenye nyusi na mabegani, na ilipofika zamu yake alikuwa mweupe kuliko lile shuka. Mama Mashine akamwangalia, akaridhika, akamwonyesha mlango wa nyuma.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anachekecha unga. Hakuinua macho.

"Shangazi, nimerekebisha," akasema, akapiga magoti na kutoa kadi. "Sikiliza. Jina, langu. Baba, kaka yako. Mama, wewe."

Chekecheo likasimama.

"Na mama yako umempeleka wapi?"

"Nime... yupo. Ana kadi yake."

"Ina nini kadi yake?"

Alifikiria. Mama yake alikuwa na mtoto mmoja tu. Ukimtoa huyo, kadi ile ingebaki na mistari miwili.

"Yule alikufa kwa kukuleta," Shangazi akasema. "Siku tatu alikushika. Siku tatu! Duniani hana kingine. Leo unamnyang'anya umpe mwanamke mwenye afya yake kwa kuwa amenuna? Mrudishe."

"Nitamrudisha."

"Leo."

"Leo, Shangazi."

Mashine ilinyamaza ghafla. Mama Mashine aliwatangazia wateja kwamba mkanda umepata moto, akaja kuegemea mlango. Mkanda haukuwa na moto wowote.

Bwana Kadi alibaki chini. Alitoa kadi tupu, akaiweka juu ya goti, akaishika kalamu.

"Nimekuuliza habari za watu mia mbili," akasema. "Za kwako sikuuliza. Naomba nikuulize leo, na usipotaka kujibu, nitaiacha wazi. Uliwahi kuzaa?"

Shangazi akapangusa unga kwenye vidole.

"Miaka mingapi ulikaa stoo?"

"Thelathini na mmoja."

"Kitu kinaweza kutoka stoo kama hakikuingia?"

"Hakiwezi. Ukiona kimetoka, kuna siku kiliingia."

"Wewe ulinyonya nini?"

"Maziwa yako. Kila mtu..." Akaishia hapo.

"Basi piga hesabu," Shangazi akasema.

Miaka sitini na mmoja ukoo mzima ulikuwa ukicheka habari ya mtoto mlafi, na hakuna hata mmoja aliyeipiga hesabu ile, hata huyu aliyelipwa mshahara kwa hesabu za namna hiyo. Bwana Kadi alikaa sakafuni kabisa, bila kujali suruali.

"Alikuwa wa kike," Shangazi akaanza. "Nilimzaa huko nilikoolewa. Aliishi siku tisa. Siku ya kumi na moja nikaomba ruhusa nije nilie kwetu, maana kule walisema mtoto wa siku tisa haliliwi. Nafika, nakuta mama yako amelazwa chini amefunikwa, na wewe unapiga kelele. Bibi yako hakuniuliza kitu. Alikuchukua akakuweka hapa." Akagusa kifua. "Kifua kilikuwa kinaniuma, kimejaa, hakina mwenyewe. Ukashika, hukuachia."

Mama Mashine aligeuza uso ukutani.

"Mume akaniita nirudi, bila mtoto wa watu. Nikasema siji. Akaoa, na watu wake wakatangaza kwamba mimi sizai. Nikaacha watangaze."

"Kwa nini, Shangazi? Kwa nini hukusema hata kwangu?"

"Ningekwambia lini? Ulipokuwa na miaka sita, kwamba umekunywa maziwa ya marehemu? Mtoto akisikia hivyo anakua ameinama. Mimi nilitaka ukue umenyooka. Baadaye ukawa mkubwa, ukanunua kalamu, nikasema sasa ataniuliza. Ukaniuliza za shangazi zangu, za wajomba zangu, za mbuzi wa babu. Nikangoja. Miaka mitano nangoja zamu yangu kwenye foleni."

Alilia hapo, Bwana Kadi, bila kujificha, na machozi yalichora njia mbili kwenye unga wa mashavuni.

"Sijawahi kukuambia asante," akasema.

"Ulikuwa ukishiba unalala. Mtoto aliyeshiba akalala ameshasema asante." Akamfuta uso kwa ncha ya kanga, kwa nguvu, kama zamani. "Lakini nimeisikia. Nimeipokea. Sasa andika."

Akaandika. Mtoto wa kike. Aliishi siku tisa.

"Jina?"

"Hatukumpa. Walisema tusubiri. Acha nafasi, usipige mistari."

Akaacha nafasi. Mama, akaandika jina la Shangazi. Kisha akafika mstari wa chini kabisa, akaandika huku akisoma kwa sauti ili mwenyewe asikie: "Chanzo cha habari: mama yake mzazi."

Shangazi alifumba macho.

Kadi yake mwenyewe ilikuwa imeharibika, kwa hiyo alichukua ile tupu ya pili, akajiandika upya na kumrudisha mama yake mahali pake. Halafu akaigeuza mbele, upande ambao hakuwahi kuutumia. Kilichoingia: mtoto wa kiume, siku tatu. Aliyetoa: akaandika jina la mama yake. Aliyepokea: akaandika jina la Shangazi. Ilibaki safu ya sahihi. Mama Mashine, bila kuambiwa, alileta kidau cha wino wa mhuri wa risiti, na Shangazi akabonyeza dole gumba hapo, polepole, akaliinua na kulitazama.

"Hii stoo yako ilichelewa kunisainisha," akasema.

"Twende nyumbani."

"Jumamosi. Leo nimeahidi kuchekecha magunia mawili, na huyu mkanda wake umepata moto."

*

Jumamosi Shangazi alirudi na furushi lake, Mama Mashine akiwa nyuma yake na mfuko wa unga. Fundi cherehani aliwakimbilia getini, akapokea furushi.

"Shangazi, ile methali niliyokwambia mwaka ule..."

"Methali ni ya kweli, mwanangu," Shangazi akasema. "Ndiyo maana niliichukua nikaenda nayo jikoni." Akamshika mkono, wakaingia ndani pamoja.

Walikuja watu hamsini na sita, si arobaini na watatu. Kumi na watatu hawakuwa na kadi na walidai haki yao kwa sauti. Viti vya jirani havikutosha. Bwana Kadi alikuwa ameandaa hotuba ya kurasa nne kuhusu umuhimu wa kumbukumbu. Alisimama, akazikunja, akazitia mfukoni.

"Nilitaka kuwaeleza tulikotoka," akasema. "Nimegundua simjui hata aliyekuwa ananipa chai asubuhi. Shangazi, mbele ya hawa wote: asante kwa maziwa, asante kwa ada ya shule, asante kwa kuningoja. Kosa lilikuwa langu. Mwalimu, soma."

Binti akachukua rula. Alisoma kuanzia juu, na watu walipiga vigelegele kila mmoja alipolisikia jina lake. Alipofika kwa Shangazi hakusita. Mistari myekundu haikuwepo tena: wino wake ulikuwa umepenya kadi hadi kwenye shuka la wageni, basi fundi cherehani alikuwa amekata kile kipande na kushonea kiraka kipya, na juu ya kiraka palikuwa na kadi mpya.

"Akazaa mtoto mmoja wa kike," binti akasoma, "aliyeishi siku tisa. Jina, nafasi imeachwa. Chanzo cha habari: mama yake mzazi."

Wazee wawili walitazamana, kisha wakatazama chini; walikuwa miongoni mwa waliosema inajulikana kuwa hazai. Binti akasogeza rula kwenda kadi inayofuata.

"Subiri," Shangazi akasema kutoka kwenye kigoda chake. "Rudia hapo."

Akarudia.

"Tena, mwalimu. Polepole."